Pikipiki iliyolala stoo: soma dalili kabla ya kushika spana

Pikipiki iliyolala stoo miaka kumi au ishirini huumwa tofauti na ile iliyochoshwa na kazi. Bodaboda inayoshinda barabarani inakufa kwa kusuguana: ringi zinaisha, beringi zinalegea, mnyororo unavutika. Iliyolala inaliwa na unyevu, na petroli iliyogeuka gundi, na mpira uliokauka, na kutu ya kijani kwenye nyaya. Tofauti hii naomba uishike tangu mwanzo. Naona vijana wengi hapa Moshi wanatoa pikipiki ya babu stoo, na kabla ya jioni injini imeshakuwa vipande kwenye karai na orodha ya spea imeshaandikwa: pistoni, ringi, vali, beringi za krenki. Mara nyingi hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichohitajika. Injini iliyoegeshwa ikiwa nzima, ihesabu kuwa nzima mpaka kipimo kiseme vingine. Kila bolti unayofungua kabla ya kupima inafuta ushahidi ambao ungekuonyesha ugonjwa uko wapi.

Mfano nitakaoutumia ni Honda CG125 ya zamani, ya volti 6 na pointi, yaani kiswichi kidogo kinachofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche. Honda waliitoa mwaka 1976 wakilenga nchi ambazo pikipiki ni chombo cha kazi na sevisi hufanyika hela ikipatikana. Ndiyo maana haina mnyororo wa kamshafti, ile shafti inayofungua vali. Kamshafti imekaa chini karibu na krenki, inazungushwa na gia, na vali zinasukumwa kwa vijiti virefu. Injini hiyo ilikuja kunakiliwa na viwanda vingi vya China, na leo nakala zake zinabeba abiria na mikungu ya ndizi kila kona ya Kilimanjaro. Faida kwako ni kwamba gasketi, plati za klachi na hata ringi zinaweza kupatikana maduka ya spea za bodaboda, mradi uende na ile ya zamani mkononi uipime kando ya mpya, maana zinafanana sana lakini si zote zinaingia. Kwa wenye Yamaha au Suzuki za tu-stroki, zile za kuchanganya oili na petroli, nitataja pale mambo yanapoachana.

Kabla ya yote, muulize mwenyewe

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. "Shikamoo babu. Hii pikipiki uliiegesha kwa nini?" Kisha nyamaza, umwache akumbuke.

Akikwambia tairi liliisha, au alinunua gari, au macho yalianza kumsumbua, una mashine iliyolala ikiwa hai, na karibu kila tatizo utakalokuta limetokana na kulala. Akisema ilianza kugonga chini, au ilikuwa inamaliza oili, au ilikata ghafla ikipanda Kibosho na haikuwaka tena, hapo una ugonjwa wa zamani uliofunikwa na mpya, na lazima uutafute huo wa zamani hata kama injini itawaka. Mwamini mzee. Aliyeitumia pikipiki moja kwa miaka mingi anakumbuka sauti yake kuliko unavyodhani.

Hapo hapo omba kadi, ulinganishe namba ya chasisi na ya injini na zile zilizogongwa kwenye chuma. Zisipolingana, au kadi ikiwa imepotea, malizana na TRA (mamlaka ya mapato) kwanza kabla hujanunua hata plagi.

Uliza pia ililala wapi. Stoo kavu yenye sakafu ya saruji ni jambo jema. Nyumbani kwetu kihambani, kwenye shamba la ukoo, pikipiki nyingi zimehifadhiwa banda moja na ng'ombe, au ukuta mmoja nalo, na hilo ni baya kuliko mvua. Mkojo wa ng'ombe unatoa amonia, na amonia inakula shaba: nyaya, vituo vya swichi, jeti za kabureta. Chuna ganda la waya mmoja kwa urefu wa nusu kidole. Shaba ikiwa bado inang'aa kwa rangi yake nyekundu, mfumo wa nyaya unaokoka. Ikiwa nyeusi au kijani mpaka ndani ya ganda, usipoteze muda kusafisha vituo. Panga kubadilisha nyaya zote, maana hata ukiunga pale, kesho itakatikia pengine.

Kiki haishuki

Usiirukie. Ukiikanyaga kwa nguvu unaweza kuvunja meno ya gia ya kiki, au kupasua kava la injini, na hapo umejitengenezea tatizo ambalo halikuwepo.

Kwanza hakikisha iko nyutro. Kisha tenganisha mambo mawili: ni injini iliyoganda, au ni kiki yenyewe? Fungua kava la kushoto, weka spana ya boksi kwenye nati ya magneto (gurudumu la sumaku linalozalisha umeme), ujaribu kuizungusha polepole. Ikizunguka, injini ni huru, na kilichoshika ni shafti ya kiki au springi yake. Isipozunguka, ndani kuna kitu kimeshika, na kwa pikipiki iliyolala, mshukiwa wa kwanza ni ringi zilizoungana na ukuta wa silinda kwa kutu.

Toa plagi. Mulika ndani kwa tochi. Ukiona ukuta wa silinda una mstari mwembamba wa rangi ya udongo, kutu ni ya juu juu na kuna matumaini makubwa. Changanya oili ya gia otomatiki, ile nyekundu, na dizeli, nusu kwa nusu. Mimina vijiko viwili vya chakula kupitia tundu la plagi, kisha ziba kwa kitambaa. Iache siku kadhaa, ukiongeza kidogo kila jioni. Baadaye weka gia ya juu kabisa, inua tairi la nyuma, ulitikise mbele na nyuma taratibu. Unatafuta mtikisiko mdogo tu. Ikishasogea hata upana wa ukucha, imekubali. Endelea hivyo hivyo kwa subira, bila nyundo na bila kuisukuma kwenye mteremko.

Ikikataa kabisa baada ya wiki mbili tatu, sasa una sababu halali ya kufungua hedi na kuvuta silinda. Kutu ikiwa imechimba mashimo unayoyahisi kwa kucha, peleka kwa mafundi wa kukereza, na pistoni ya saizi ya juu inunuliwe *kabla* ya silinda kukerezwa, kwa sababu silinda inakerezwa kufuata pistoni iliyopo mkononi.

Ikiachia, mwaga oili yote ya injini. Ile dawa imeshapenya ringi ikashukia chini, na oili iliyochanganyika na dizeli haibebi uzito wa krenki.

Kiki inashuka kama hakuna kitu

Hapa hakuna kompresheni, yaani hewa haigandamizwi ndani ya silinda. Ziba tundu la plagi kwa kidole gumba, mwenzako akanyage kiki. Injini yenye afya inakisukuma kidole mpaka hewa inafoka pembeni. Ukihisi pumzi dhaifu tu, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili ndani, kanyaga mara kadhaa ili isambae, upime tena.

Kompresheni ikirudi, oili imeziba nafasi ya ringi. Kwa injini iliyolala maana yake mara nyingi ni ringi zilizonata kwenye mifereji yake, wala hazijaisha. Zipe siku chache na ile dawa ya juu, kisha ukiiwasha na ikapata moto wa kutosha zinaweza kuachia zenyewe. Ndiyo maana sinunui ringi kabla injini haijatembea.

Isiporudi, angalia vali. Fungua kava la hedi utazame roka zote mbili (mikono inayosukuma vali) wakati mtu anazungusha injini. Vali moja ikishuka na isipande, imenata kwenye gaidi yake, yaani kibomba kinachoongoza shina lake. Paka dawa ya kutu kwenye shina, ligonge kwa upole kwa mpini wa bisibisi wa mbao, urudie mpaka iruke yenyewe. Usiendelee kuzungusha injini kwa nguvu vali ikiwa imenata, kwa sababu kijiti cha kusukuma kinapinda, na kijiti kilichopinda ni spea ambayo ungeweza kuiepuka.

Vali zikiwa huru, pima tapeti, yaani nafasi kati ya roka na shina la vali. Kwa CG125 nafasi ni milimita 0.08 kwa zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa, pistoni juu kwenye kompresheni, alama ya T ya magneto ikiwa imelingana na alama ya kwenye kava. Tapeti ikikaza, vali haifungi, na utalaumu ringi bure.

Zote zikiwa sawa, sikiliza hewa inatokea wapi unaposukuma kiki polepole. Ikipuliza kwenye ekzosi, ni vali ya kutolea moshi. Kwenye kabureta, ni ya kuingizia. Chembe moja ya kutu chini ya vali inatosha kuleta dalili hii, na mara nyingine inaondoka yenyewe injini ikizungushwa.

Kompresheni ipo, plagi haitoi moto

Nitakaa hapa kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapotea. Mtu hana moto, anaambiwa nunua koili (inayokuza umeme wa plagi); hana moto bado, nunua magneto; hana moto bado. Kumbe kilichozuia ni ukoko mwembamba kwenye pointi ambao jicho halikuuona.

Jinsi ya kupima: toa plagi, ichomeke kwenye kifuniko chake, uilaze chuma kwa chuma juu ya hedi, mbali na tundu la plagi ili cheche isikutane na mvuke wa petroli. Ishike kwa koleo lenye mpira. Fanya kivulini. Cheche nzuri ni ya buluu na inasikika ikipiga. Ya njano nyembamba ni dhaifu, na chini ya kompresheni haitawasha kitu.

Anza na plagi mpya ya aina sahihi. CG ya zamani inatumia NGK D8EA, mwanya milimita 0.6 mpaka 0.7. Za bandia ziko nyingi madukani. Itazame kwa karibu: maandishi yaliyopauka, uzi uliochongwa vibaya, ile pini ya katikati isiyokaa katikati. Ukishuku, azima plagi inayofanya kazi kutoka pikipiki nyingine inayotumia aina hiyo hiyo. Kipimo hicho ni cha bure na kinaondoa ubishi.

Bado hakuna? Fungua kifuniko cha plagi kwa kukizungusha. Kimekaa kwa skrubu ndani ya waya mnene. Kata nusu sentimita ya ncha ya waya huo, ufunge kifuniko upya. Ncha ya zamani huwa imeungua na kuoza.

Kisha swichi. Kwenye pikipiki ambazo moto wa plagi unatoka kwenye magneto moja kwa moja, swichi ya funguo inazima injini kwa kupeleka moto huo kwenye chasisi. Swichi iliyooza ndani inaweza kuwa inazima muda wote hata ufunguo ukiwa umewashwa. Chomoa waya unaotoka injini kwenda kwenye swichi, ukanyage kiki. Moto ukija, umemkamata mhalifu bila kununua chochote. Kwenye mifumo hiyo betri iliyokufa haikuzuii kuwasha, lakini zipo pikipiki za zamani zinazotegemea betri kwa moto wa plagi, kwa hiyo fuata mchoro wa nyaya wa mfano wako.

Sasa pointi. Ziko nyuma ya magneto. Unazifikia kupitia matundu yake. Zikikaa miaka bila kufunguka zinaota utando wa kijivu usiopitisha umeme. Pitisha kipande cha msasa laini kabisa katikati yake, mara chache tu. Kisha, na hatua hii wengi wanairuka, pitisha kipande cha karatasi ngumu safi kilicholoweshwa petroli, ukivute, urudie mpaka kitoke bila doa. Chembe za msasa zikibaki pale zinazuia umeme sawasawa na ule utando ulioondoa.

Mwanya wa pointi ni milimita 0.3 mpaka 0.4 zikiwa wazi kabisa. Halafu muda wa cheche: alama ya F ya magneto inatakiwa ilingane na alama ya kava pale pale pointi zinapoanza kuachana. Bana karatasi ya sigara katikati ya pointi, uivute kwa wepesi sana huku unazungusha magneto polepole kwa upande ambao injini inazunguka. Karatasi itashikwa, itashikwa, kisha itaachia ghafla. Simama hapo uangalie alama. F ikiwa imepita au haijafika, legeza bamba lililobeba pointi ulisogeze. Ukipata hapo, pikipiki itawaka kwa kiki nyepesi na haitakurudishia mguu.

Pointi zikitoa cheche kubwa zenyewe wakati plagi inatoa dhaifu, kondensa, kile kikopo kidogo kilichounganishwa na pointi, imekufa. Ni kitu kidogo, bei yake ni ya chini, na sijawahi kuona sababu ya kubakiza ya zamani kwenye pikipiki iliyolala.

Jambo la mwisho ni la waliokwisha kupaka rangi. Koili inahitaji kugusana na chasisi chuma kwa chuma. Ukipiga rangi mpya nzuri kisha ukafunga koili juu yake, umeikatia njia ya umeme. Kwangua rangi chini ya bolti ya koili na pale nyaya za chasisi zinapofungwa, upake grisi kidogo kuzuia kutu. Pikipiki iliyowaka kabla ya rangi na ikagoma baada ya rangi, anzia hapo.

Moto upo, lakini plagi inatoka kavu

Umekanyaga kiki muda mrefu, umetoa plagi, haina hata harufu ya petroli. Mafuta hayafiki.

Tafuta yamekatikia wapi kwa kufuata njia yake. Legeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, koki ikiwa imefunguliwa. Petroli ikitiririka vizuri, tatizo liko ndani ya kabureta. Isipotoka, au ikatoka kidogo kisha ikakata, fungua kifuniko cha tenki. Ikianza kutiririka, tundu la hewa la kifuniko limezibwa na vumbi au nyigu. Isipoanza, ni koki au kutu ya tenki.

Ndani ya kabureta, petroli ya zamani imekauka ikawa gundi ya kahawia, na inaziba kwanza jeti ndogo ya sailensa, yaani ya mzunguko wa chini. Pikipiki inayowaka kwa choki tu na kuzima ukirudisha choki inakwambia jeti hiyo imeziba. Itoe, uielekeze kwenye jua: lazima uone duara safi la mwanga. Loweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, upulize kwa hewa. Usitie waya wa spoku wala sindano. Jeti ni shaba laini, na tundu likipanuka hata kidogo, hutapata tena mchanganyiko sahihi na hutajua kwa nini. Uzi wa ndoano ya samaki unatosha kusukuma kilichobaki. Safisha pia vijia vya ndani ya mwili wa kabureta, maana jeti safi kwenye kijia kilichoziba haisaidii.

Tenki la kutu usilirudishe likiwa hivyo, hata ukiweka chujio. Livue, toa koki, ziba, tia siki na kiganja kikubwa cha nati za zamani au kokoto za pembe kali. Litikise, lilaze upande mmoja usiku, upande mwingine kesho. Mwaga, toa nati zote kwa kuzihesabu, kisha suuza kwa maji ya magadi. Magadi yanaua ukali wa siki. Ukiyaruka, kutu ya rangi ya chungwa inarudi siku hiyo hiyo. Suuza kwa maji safi, lianike juani mpaka likauke kabisa, na papo hapo lizungushie petroli yenye oili kidogo ndani. Fanya yote haya nje, mbali na jiko la mkaa. Tenki linalovuja usimpelekee mchomeleaji kwa sababu tu linaonekana tupu: mvuke wa petroli uliobaki ndani unalipuka, na watu wameumia hivyo.

Plagi inatoka imelowa, au nyeusi ya masizi

Imelowa petroli na kabureta inadondosha chini: sindano ya floti (boya la ndani ya bakuli) haizibi, au floti imetoboka. Itikise floti karibu na sikio. Ukisikia maji maji ndani, imekwisha. Ikiwa ni nyeusi kavu, mchanganyiko una petroli nyingi kuliko hewa. Tazama choki inarudi kweli. Fungua boksi la chujio cha hewa, na usishangae ukikuta kiota cha panya kimejaa majani ya migomba na vipande vya godoro.

Kuna sababu moja ya huku kwetu. Moshi mjini tuko mita 800 na kidogo juu ya bahari, Arusha karibu 1,400. Hewa ya Arusha imepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na pwani, lakini jeti inaendelea kutoa petroli ile ile. Pikipiki iliyopangwa vizuri Tanga au Dar es Salaam ikiletwa Sakina au Ngaramtoni inaweza kuchafua plagi bila kuwa na kosa lolote. Shusha jeti kuu saizi moja, urekebishe skrubu ya hewa, uangalie rangi ya plagi upya. Kahawia ya chai ya maziwa ndiyo unayoitaka.

Inawaka, inatembea, inazima ikipata moto

Usiiwashe tena haraka. Sekunde zile za kwanza baada ya kuzima ndizo zenye jibu. Fungua kifuniko cha tenki. Ukisikia kikivuta hewa, umepata. Kama sivyo, pima cheche hapo hapo injini ikiwa ya moto. Ikiwa imekata na inarudi baada ya kupoa, ni kondensa au koili. Cheche ikiwa nzuri, pima kompresheni kwa kidole. Ikiwa imeshuka, tapeti zimebana, kwani vali ikipata moto inarefuka.

Wenye tu-stroki, dalili yenu kubwa ni nyingine: injini inapandisha mizunguko yenyewe na kukataa kushuka ukirudisha mkono. Hewa inaingia mahali isipotakiwa, na kwa pikipiki iliyolala mahali hapo mara nyingi ni sili za krenki zilizokauka. Nyunyizia maji kidogo kwenye kiungo cha kabureta na silinda injini ikiwa inawaka. Mlio ukibadilika, ni gasketi ya hapo. Usipobadilika, badilisha sili. Usiiendeshe ikiwa hivyo, kwa sababu hewa ikizidi joto linapanda na pistoni inayeyuka tundu. Oili ya gia ikipungua huku moshi wa buluu ukiongezeka, ni sili ya upande wa klachi.

Moshi

Moshi wa dakika za kwanza usikutishe. Ile dawa uliyomimina lazima iungue, na maji yaliyokaa ndani ya ekzosi yatatoka meupe. Baada ya hapo, kwa injini ya CG, buluu inayotoka ukiwasha tu kisha ikaisha inaelekeza kwenye sili za vali. Buluu inayoendelea ukivuta mzigo inaelekeza kwenye ringi. Iache itembee kidogo kwanza kabla ya kuhukumu ringi.

Ukitia gia inaruka mbele ingawa umebana klachi

Plati zimegandana. Pasha injini moto, izime, bana mkono wa klachi uufunge kwa kamba mpaka asubuhi. Kesho yake, injini ikiwa imezimwa na klachi imebanwa, weka gia ya tatu uisukume mbele na nyuma ghafla. Nyingi zinaachia bila kufunguliwa. Na usitie oili ya magari yenye dawa za kupunguza msuguano, maana klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyo hiyo na itateleza. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ya namna hiyo.

Taa

Balbu zikiungua moja baada ya nyingine, usilaumu balbu. Kwenye mifumo ya volti 6 ya zamani balbu zenyewe ndizo zinazomeza nguvu ya magneto. Moja ikifa, iliyobaki inapokea ziada. Weka zote, za wati sahihi, na betri nzima. Balbu ya volti 12 itaingia lakini itawaka hafifu tu.

Breki na tairi, hata kama hazilalamiki

Hapa hakuna dalili itakayokuonya, kwa hiyo fungua tu. Bitana za breki shuu za zamani zimegundishwa, na gundi ikizeeka bitana inabanduka na kukwama ndani ya habu, tairi likafunga ghafla. Jaribu kuibandua kwa kucha. Ikinyanyuka hata pembe, shuu hizo zitupwe. Vumbi la mle usilipulize, kwani bitana nyingi za miaka hiyo zilikuwa na asbesto. Lowesha kwa maji ya sabuni ufute.

Tairi lenye kashata nzuri bado linaweza kuwa limekufa. Soma tarakimu nne pembeni: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Zikiwa tatu tu, tairi ni la kabla ya 2000. Litoe bila mjadala. Waya za breki na klachi badilisha zote.

Safari ya kwanza iwe tambarare, upande wa kwenda mashamba ya miwa ya TPC kwa mfano, na mtu mwingine akufuate. Usianze kwa kupanda Machame au Marangu kwa sababu mashine inavuta vizuri; kupanda itapanda, na kurudi utashuka kwenye mteremko mrefu kwa breki ambazo shuu zake hazijakaa. Ukirudi, mwaga oili ikiwa bado ya moto, maana imebeba uchafu wa miaka yote hiyo. Fungua kava la kulia usafishe kichujio kinachozunguka kwenye ncha ya krenki. Utakuta tope gumu linalotoka kwa kukwangua. Tia oili mpya, kama lita moja. Iache ipoe usiku kucha, kisha kaza nati za hedi na upime tapeti upya kabla ya kuitoa tena.